Jirani Aliyezima Moto

Moto ukiwaka katika nyumba ya jirani, hakuna mwenye akili atakayekaa barazani akingoja kuombwa. Hilo halina mjadala. Mjadala huanza moto ukishazimwa, pale mzimaji anapokuwa yumo ndani, amesimama juu ya mikeka ya wenyewe, na ufunguo wa mlango umo mkononi mwake. Akitoka papo hapo, makaa yaliyofukiwa jivuni yanaweza kuripuka usiku uleule. Akibaki, ni siku gani ataacha kuwa jirani na kuanza kuwa mwenye nyumba?

Watu wa pwani si wageni wa suala hili. Mwishoni mwa karne ya 17 Mombasa ilitafuta msaada Omani ili iondokane na Wareno. Ngome ya Yesu ilizingirwa kwa takriban miaka mitatu hata ikaanguka mwaka 1698. Mreno akatoka, Mwomani akabaki. Lamu nayo, ilipokwisha kushinda vita vya Shela mwanzoni mwa karne ya 19, ilihofu kisasi, ikamwendea Sayyid Said kuomba ulinzi. Ulinzi ulikuja, na pamoja nao ukaja utawala wa mlinzi. Muyaka bin Haji aliishi na kutunga Mombasa katika zama hizo, na msomaji wa mashairi yake anajua jinsi siasa za miji ile zilivyopenya mpaka ndani ya beti. Wala watu wa Lamu hawakuwa wajinga. Hofu yao ilikuwa ya kweli, na aliyewaokoa aliwaokoa kwelikweli. Ndiyo maana suala hili ni gumu: aghalabu anayekuja kusaidia si mnafiki.

Mfano ulio karibu zaidi ni wa Tanzania na Uganda. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaingia Kagera, yakaua na kupora; na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kuwa ardhi yote mpaka mtoni ni ya Uganda. Daraja la Kyaka likavunjwa. Jawabu la Mwalimu Nyerere, la uwezo, sababu na nia, lingali linakumbukwa na kila aliyekuwa na redio siku zile. Mvamizi akatolewa. Lau jeshi la Tanzania lingeishia mpakani, pasingekuwapo kisa cha kujadili. Lakini liliendelea mbele, na tarehe 11 Aprili 1979, likiwa pamoja na wapiganaji wa Uganda wenyewe, likaiteka Kampala.

Viongozi wa Afrika hawakuwa na kauli moja. Katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Monrovia, Julai 1979, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliilaumu Tanzania kwa kuvunja kanuni ya kutoingilia mambo ya nchi nyingine. Kanuni hiyo haikuwa ya kupuuzwa, kwani ndiyo iliyokuwa pazia la mataifa madogo mbele ya makubwa. Lakini pazia hilohilo ndilo lililokuwa limefunika mauaji ya Waganda kwa miaka minane, na waliolishikilia kwa nguvu zaidi hawakuwa wale waliokuwa wakiuawa nyuma yake. Katika hoja hii ni taabu kumlaumu Nyerere.

Lawama zinazostahili kutazamwa ni za baada ya hapo. Na kabla ya hapo pia, kwa kuwa Masaka na Mbarara ziliharibiwa vibaya mno na jeshi la Tanzania lenyewe, kulipiza yaliyotendwa Kagera. Aliyeubomoa mji wa mtu ili amkomboe ana deni hata kama ukombozi ni wa kweli, na deni hilo halifutwi kwa mbiu ya ushindi.

Nchi iliyokombolewa haikuwa na polisi wa kuaminika wala jeshi. Wanajeshi wa Tanzania kwa maelfu walibaki kulinda barabara na majengo ya serikali, huku wengine wakiwafunza askari wapya wa Uganda. Bila ya wao Kampala ingekuwa ya mwenye bunduki tu. Na hata walipokuwapo, usiku wa mji ule ulikuwa wa kutisha. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima, na ya heshima. Lakini mlinzi wa mlango huona nani anaingia na nani anatoka, na hawezi kujifanya kipofu. Yusuf Lule, aliyechaguliwa katika mkutano wa Moshi mwezi wa Machi, alitawala siku 68 tu akaondolewa. Wafuasi wake walipoandamana Kampala, amani ya mji ilikuwa mikononi mwa askari wa kigeni. Mwezi wa Mei 1980 Godfrey Binaisa naye alipinduliwa na Tume ya Kijeshi, na jeshi la Tanzania halikuizuia. Disemba ukafanyika uchaguzi, Milton Obote akatangazwa mshindi, wapinzani wake wakasema kura zimeibwa. Obote alikuwa amekaa Tanzania tangu alipopinduliwa mwaka 1971, na alikuwa rafiki wa Mwalimu. Hapo kila mtu akajijibia apendavyo. Jirani aliyelala pale Binaisa alipoanguka, mbona alikuwa macho zama za Lule? Na kama alikuwa macho mara zote mbili, basi kutotenda kwake nako kulikuwa ni kutenda.

Yawezekana Nyerere aliamini kwa moyo safi kuwa Obote ndiye aliyefaa. Lakini unyofu wa moyo wa msaidizi haumpi haki ya kuchagua. Anayesaidiwa huwa mnyonge kwa muda, na unyonge wake ndio unaomtaka msaidizi awe mwangalifu zaidi. Mgonjwa aliyebebwa mgongoni hana sauti ya kusema anataka kupelekwa wapi, na anayembeba ni rahisi kuidhania njia yake mwenyewe kuwa ndiyo ya mgonjwa.

Kuna na upande wa mbebaji. Gharama za vita na ulinzi ule zimekadiriwa kufikia dola milioni 500 za Kimarekani, na msaada wa nje ulikuwa haba. Wananchi wa Tanzania waliombwa wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi ilipita, mikanda haikulegezwa. Zikaja foleni za sukari na sabuni. Si haki kuitwisha Uganda mzigo wote huo, kwani Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kuvunjika mwaka 1977, bei ya mafuta ikapanda tena mwaka 1979, na siasa za uchumi nyumbani zilikuwa na kasoro zake. Hata hivyo anayetoa sadaka kwa fedha ya watoto wake anapaswa angalau kuwaambia watoto kiasi gani kimetoka na kwa muda gani. Ukarimu wa taifa hutangazwa na kiongozi, ukalipwa na mtu wa foleni.

Mwaka 1981 sehemu kubwa ya jeshi la Tanzania iliondoka. Waliokuwa wakililaani walifurahi, na miongoni mwao wapo waliokuja kulitamani, kwani tangu Februari ya mwaka huo Yoweri Museveni alikuwa ameingia msituni, na vita vya Luwero vikaendelea hata Januari 1986, vikaua watu wengi sana. Makaa yalikuwapo. Kuna wasemao Tanzania iliondoka mapema mno, na kuna wasemao kama isingemwelemea Obote pasingekuwa na cha kulinda. Kauli zote mbili hutolewa na Waganda waliofiwa.

Kule Kaboya, Muleba, wamezikwa wanajeshi wa Tanzania waliokufa katika vita vile. Kila mwaka, siku ya mashujaa, huwekwa mashada juu ya makaburi yao na hotuba husomwa. Waliotoka mapema wakafa mpakani, na waliokufa baadaye ng'ambo ya mpaka, wakilinda nyumba isiyo yao, wamelazwa pamoja.