Kaa la moto na paswadi ya waifai

Nikiwa mdogo kule Nkubu, Meru, mama alizoea kunituma kwa jirani kuomba moto. Nilirudi mbio na kaa kwenye kigae, nikilipuliza lisizimike. Sikumbuki kunyimwa hata siku moja. Ndiyo maana, jirani yangu hapa Majimbo, Embu, alipobisha na kusema, "Mwalimu, mtoto ana kazi ya CBC na bando zimeniishia," niligeuza ruta na kumsomea paswadi herufi kwa herufi kutoka kwenye kibandiko cha chini.

Mwezi mmoja baadaye nilihesabu vifaa 14 kwenye mtandao wangu. Nyumbani tuko wanne. Mtoto wa jirani alimpa rafikiye paswadi, rafiki akampa kaka, na kila jioni kijana nisiyemjua aliketi kando ya ukuta wa ploti, simu ikimmulika uso.

Kaa nililoomba lilikwenda kuwaka kwenye mafiga ya mama. Paswadi humleta mtu kwenye mafiga yako, yeye na wote aliowaambia. Tena kwa aliye nje, wanaopitia ruta moja huonekana kwa anwani moja. Sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya 2018 inaadhibu ulaghai, vitisho na picha chafu za watoto. Mtu akitenda hayo kwa mtandao wangu, mpelelezi atabisha kwangu kwanza.

Nikaogopa. Nikabadilisha paswadi usiku, kimyakimya.

Kesho yake mtoto alisimama mlangoni, daftari kifuani. "Mwalimu, mtandao wenu umekataa." Nilibabaika, nikamwambia ajaribu baadaye. Mamake alinisalimu kwa mbali wiki nzima, na alikuwa na haki. Hofu yangu ilikuwa ya kweli, lakini yule mama hakunikosea lolote, nami nilimfungia mlango bila neno.

Nilimwendea jikoni kwake. "Mama, niwie radhi. Ningekwambia kwanza." Nikamweleza kwamba ruta nyingi zina mtandao wa wageni, wenye paswadi yake, ambao kwa kawaida haufiki kwenye kompyuta na kamera za nyumba. Nimeufungua huo, na paswadi yake nitaibadilisha kila muhula, nikimjulisha mapema. Aliiandika nyuma ya daftari la mtoto, akauliza kama anaweza kumpa dadake akija kutoka Runyenjes. Tuliongea hilo mpaka chai ikapoa.

Yule kijana wa ukutani bado sijamwendea. Nimesikia anatafuta kazi, na maombi siku hizi hutumwa mtandaoni.