KANISA NA UFALME WA MUNGU

Masomo: Matayo 13:24-30 na 47-50; Luka 17:20-21



Siku hizi tunasikia maneno mawili yakichanganywa: Kanisa na Ufalme wa Mungu. Mtu akiandikwa katika kitabu cha parokia anasema, "Nimekwisha kuingia katika Ufalme." Mwingine akikosana na wazee anasema, "Kanisa si kitu, Ufalme uko moyoni mwangu, nitasali nyumbani." Wote wawili wamepotea njia. Tusikilize Neno.

Bwana Yesu alipoanza kuhubiri, alitangaza Ufalme. Katika Injili zote nne, neno Kanisa linaonekana katika Matayo tu, sura ya 16 na sura ya 18. Lakini Ufalme anautaja mara nyingi sana. Ufalme ni Mungu mwenyewe anapotawala: anaponya, anasamehe, anainua wanyonge. Kanisa ni watu walioisikia habari hiyo, wakakusanyika kuishuhudia na kuungojea utimilifu wake. Ufalme ndio unaozaa Kanisa. Kanisa halizai Ufalme.

Sisi watu wa Likasi tunaelewa jambo hili. Mawe yanayopelekwa Shituru si shaba yote. Yanasagwa, yanatiwa asidi, na mwisho shaba safi inatengwa na udongo. Anayeona kiwanda hawezi kusema ameona shaba. Lakini bila kazi ya kiwanda, shaba inabaki imefichwa ndani ya jiwe. Ndivyo lilivyo Kanisa. Ndani yake mna ngano na magugu, samaki wazuri na wabaya, na Bwana amesema kazi ya kutenga ni ya malaika, siku ya mwisho.

Tukumbuke Papa Simon Kimbangu. Alianza kazi Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule alikamatwa, na tarehe 3 Oktoba akahukumiwa kufa. Mfalme wa Wabelgiji akageuza hukumu kuwa kifungo cha maisha. Akaletwa huku kwetu Katanga, katika gereza la Elisabethville, leo Lubumbashi, kilomita kama 120 kutoka hapa. Alikufa humo tarehe 12 Oktoba 1951, baada ya miaka 30. Serikali ya koloni ilikuja kulikubali Kanisa tarehe 24 Desemba 1959 tu. Basi tuulize: katika miaka ile 38, bila karatasi ya serikali, bila hekalu, waumini wakihamishwa mbali na vijiji vyao, je, Mungu hakutawala? Alitawala. Karatasi ilitambua kazi ambayo Mungu alikuwa amekwisha kuifanya.

Kwa hiyo tunajibu swali ambalo wengi wametuuliza. Kijana mmoja mchimbaji alifunikwa na udongo ndani ya shimo. Jina lake lilikuwa limefutwa kitabuni, kwa kuwa hakuonekana tena kwenye ibada. Wengine walisema kwaya isiende kwenye kilio; wengine walisema iende. Kwaya ilikwenda, na ilifanya vizuri. Kitabu cha parokia kinatusaidia kulinda utaratibu wa Kanisa. Hakikupewa sisi ili tuhesabu watu wa Ufalme. Hatujui kijana yule alisema nini na Mungu wake katika giza la shimo. Tunajua mama yake alikuwa analia, na kumfariji anayelia ni amri.

Lakini msiseme sasa kwamba kitabu na ibada ni bure. Mvuvi akitupa wavu wake kwa sababu umeshika samaki wabaya, atakula nini? Ni katika Kanisa tulipobatizwa, tulipofundishwa Neno, tulipopata watu wa kutuonya. Kaa la moto likitolewa peke yake katika mbabula, linazimika haraka.

Wapendwa, tumepewa maneno matatu: Mapendo, Amri na Kazi. Tuyapime kwa Ufalme. Tunapotoa matoleo kwa furaha ili kujenga hekalu, ni vema. Tuulize pia kama mjane wa jirani, hata akiwa wa dhehebu lingine, amekula. Tunapovua viatu mbele ya Mungu, tuvue na chuki. Yoane aliona mji mpya, wala hakuona hekalu ndani yake (Ufunuo 21:22). Siku ile hakuna atakayeulizwa parokia yake. Matayo 25 inatuonyesha yatakayoulizwa: wenye njaa, wageni, wagonjwa, wafungwa.

Basi tulipende Kanisa kama njia, na Ufalme tuutafute kwanza. Bwana atujalie tuonekane ndani yake siku atakapokuja. Amina.