Kituo na Mpiga Kura

Kila baada ya uchaguzi husikika redioni sentensi hii: wananchi wengi hawakujitokeza. Mwalimu wa lugha hawezi kuipita hivi hivi. Kiambishi -ji- kimerudisha tendo lote kwa mtendaji: asiyejitokeza amejizuia mwenyewe. Ndani ya sentensi hiyo hamna njia, hamna mvua, hamna foleni, wala hayumo aliyepaswa kumwekea mtu huyo kituo karibu. Yafaa basi tujiulize: je, haki ya kura hutimia jina linapoandikwa daftarini, au dola ina deni la kuifikisha haki hiyo mahali mwenye nayo anapoweza kuifikia?

Katiba ya Uganda ya 1995, katika ibara ya 59, inampa raia aliyetimiza miaka 18 haki ya kupiga kura, kisha inaiagiza dola ichukue kila hatua inayohitajika ili raia wenye sifa waandikishwe na waitumie haki yao. Deni, kwa hiyo, lipo. Ugumu ni kulipima. Jirani zetu wa Kenya wamelipima kwa idadi: sheria yao ya uchaguzi yakataza kituo kimoja kuwa na wapiga kura zaidi ya 700. Kwetu, mwaka 2016 palikuwa na vituo 28,010 kwa wapiga kura 15,277,198. Mwaka 2021 vituo 34,684 kwa wapiga kura 18,103,603. Wastani ulishuka kutoka takriban 545 hadi 522 kwa kituo. Ni nafuu, nami siibezi.

Lakini wastani hauna miguu. Wapiga kura 500 wa mtaa mmoja mjini Arua waweza kuonana wakiwa vibarazani mwao. Wapiga kura 500 wa Vurra, kuelekea mpaka wa Kongo, wamo katika miji iliyotawanyika kati ya mashamba na mabonde. Idadi ni moja, mizigo ni miwili. Na hata idadi yenyewe ina hila zake. Kituo kikijaa, desturi ni kukigawa kwa herufi za majina. Sasa majina ya Kilugbara yanayoanza kwa A ni mengi ajabu: Adriko, Andama, Anguyo, Ayikoru. Anayeikata alfabeti katikati hajawagawa watu katikati!

Wapo watakaosema kwamba mtu huyo huyo huenda sokoni hadi ng'ambo ya mpaka bila kulalamika. Hoja hii si ya kupuuzwa, kwani haki nayo hudai bidii. Ila aendaye sokoni hurudi na chumvi yake jioni ile ile. Faida ya kura hugawanywa kwa wote, na gharama ya safari hulipwa na mmoja. Tena haiwaelemei watu kwa bahati nasibu. Aghalabu humwelemea mzee wa mkongojo, mgonjwa, na mama mwenye kichanga. Hao wakikosekana, hesabu ya kura yaweza kuwa sahihi kabisa, na bado jibu likawa la watu wenye miguu mizima tu.

Sheria yetu ina huruma moja: saa kumi alasiri, wakati wa kufunga, aliyekwisha simama kwenye mstari huruhusiwa kupiga kura. Imemkumbuka aliye kwenye foleni. Aliye bado njiani haikumwona.

Sidai kwamba vituo vingi vyatosha peke yake. Tarehe 18 Februari 2016 watu wa Kampala na Wakiso walikuwa na vituo jirani, wakangojea karatasi zilizochelewa. Na Oktoba 1980 mapigano yalipofika Koboko na Arua, watu wengi wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan. Uchaguzi ukafanyika Desemba wakiwa ukimbizini. Kwa hao, kituo kingejengwa wapi?

Katika siku za amani, hata hivyo, jambo lawezekana. Neno kituo latokana na kutua, yaani kushusha mzigo. Ningependa kanuni iandike, pamoja na idadi ya majina, umbali wa nyumba ya mwisho kabisa. Na anayeupima aende kwa miguu, kwa mwendo wa mzee wa nyumba hiyo.