Helikopta Halisi, Watu wa Kukisia

Kuna watu ambao hawawezi kutazama vita kwenye skrini kwa amani. Ndege ikipita tu, washasimamisha kipindi. "Hiyo modeli ilikuwa bado haijatengenezwa mwaka huo." "Hiyo rangi si ya kikosi hicho." Unaweza kuwacheka, lakini kazi yao ni ya dhati, na mara nyingi wako sahihi.

Komedi ya M*A*S*H imewapa watu hao kazi kwa miaka na miaka. Ilirushwa Marekani kuanzia 1972 hadi 1983, zaidi ya sehemu 250, na inahusu madaktari wa hospitali ya jeshi katika vita vya Korea. Vita vyenyewe vilidumu miaka mitatu tu, 1950 hadi 1953, kwa hiyo komedi ilipigana muda mrefu kuliko wanajeshi. Kila sehemu hufunguliwa na helikopta aina ya Bell 47, ile yenye kichwa cha kioo kama kiputo cha sabuni, majeruhi wamelazwa kwenye machela zilizofungwa nje ubavuni. Helikopta hizo ni za kweli, na majeruhi wa Korea walibebwa hivyo kweli. Wajuzi hubishana tu kama modeli inayoonekana ni ya miaka ile hasa au ni dada yake mdogo aliyezaliwa baadaye.

Sasa angalia Wakorea wenyewe. Soon-Lee, msichana wa Korea katika sehemu za mwisho, aliigizwa na Rosalind Chao, Mmarekani mwenye asili ya China. Kapteni wa jeshi la Korea aliigizwa na Pat Morita, Mmarekani mwenye asili ya Japani. Milima ya Korea ilikuwa milima ya California. Helikopta ilitafutwa hadi ikapatikana iliyo karibu kabisa na ya kweli. Mkorea alikadiriwa: akionekana Mwasia, basi inatosha.

Swali langu ni hili: kwa nini chuma kidaiwe usahihi na binadamu asidaiwe?

Ungeweza kusema hayo ni mambo ya Marekani na Korea, tuwaachie wenyewe. Lakini sisi pia tuna filamu yetu ya ndege za kivita. Eye in the Sky, iliyotoka 2015, iliongozwa na Gavin Hood. Helen Mirren ni kanali wa Uingereza anayewasaka magaidi walio ndani ya nyumba moja Eastleigh, Nairobi. Juu angani kuna ndege isiyo na rubani aina ya Reaper, ambayo anayeirusha amekaa Nevada. Chini, karibu na ukuta wa nyumba ile, kuna Alia, msichana mdogo anayeuza mkate uliookwa na mama yake.

Filamu ni nzuri, na imejali mambo mengi. Barkhad Abdi, mzaliwa wa Mogadishu, anaigiza jasusi wa Kenya anayehangaika barabarani kumwokoa Alia. Mkorea wa M*A*S*H hakupata heshima hiyo. Mpangilio wa amri, mwanasheria, waziri anayerusha uamuzi kwa mwenzake, kombora lenyewe: yote yamepimwa. Kisha inakuja Eastleigh. Filamu ilipigwa Afrika Kusini, na hilo si kosa, pesa ya filamu huenda inakoweza. Tatizo ni kwamba mtaa tunaoonyeshwa uko chini ya wanamgambo wenye bunduki mchana kweupe, kiasi kwamba vikosi vya serikali haviwezi kuingia bila vita.

Msomaji wa Nairobi anajua Eastleigh. Ni pale unapoenda kununua viatu, pazia, simu na nguo za Idi, na kama kuna jambo litakalokuzuia kuingia ni foleni na matope. Mamoli yake yalianzia Garissa Lodge, nyumba ya kulala wageni ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1990 wafanyabiashara waligeuza vyumba vyake kuwa maduka. Mtaa uliojengwa kwa hesabu za biashara umegeuzwa uwanja wa vita, na mtazamaji wa London au Chicago hana namna ya kujua. Akiona Reaper imekosewa, atapata mtu wa kumsahihisha kabla hajamaliza bisi zake. Akiona Eastleigh imekosewa, ataondoka na Eastleigh hiyo kichwani maisha yake yote.

Nadhani hapo ndipo jibu linapoanza kuonekana. Ndege ina mawakili: marubani wastaafu, mafundi, vitabu vyenye picha, mamia ya watu wasio na usingizi. Ukiikosea, utaitwa ujibu. Kwa hiyo mtengenezaji wa filamu anakuwa mwangalifu, pengine si kwa uadilifu, ni kwa kuogopa aibu. Mtu wa kule Kaskazini Mashariki hana jopo kama hilo. Ukimkosea, nani atakuita?

Ukimya huo una historia. Wakoloni waliifanya Kaskazini wilaya iliyofungwa, mtu haingii wala hatoki bila kibali. Baada ya uhuru ikaja vita vya Shifta, na sheria za hali ya hatari zikabaki hadi 1991. Kizazi kizima cha Wakenya kilikua bila kuiona Garissa ila kwa habari za bunduki. Ndiyo maana hata leo utamsikia mzee wa huko akiaga kwamba anasafiri kwenda "Kenya", akimaanisha Nairobi. Umbali huo haupimwi kwa kilomita.

Kwa hiyo kabla ya kumnyooshea kidole Gavin Hood, tujiangalie na sisi. Kwenye jukwaa letu la vichekesho, Msomali ni lafudhi. Mchekeshaji akitamka "waryaa" mara mbili, akitaja miraa, akigusia mlipuko, ukumbi unaanguka. Waryaa ni namna ya kumwita mwanamume, kama "wewe jamaa". Mwanamke haitwi hivyo, ana neno lake, naa. Hiyo tofauti ni ndogo kama ile ya modeli mbili za Bell 47. Mjuzi wa ndege angesimamisha kipindi. Sisi tunacheka tunaendelea.

Na Garissa yenyewe je? Katika kichekesho ni mchanga, ngamia na kizuizi cha polisi. Mto Tana haupo, wala mashamba ya maembe na ndizi ya kando ya mto, wala Wamunyoyaya na Wamalakote walioishi hapo kabla mji haujawa mji. Soko la mifugo, ambalo ni miongoni mwa makubwa Afrika Mashariki na linaendeshwa na watu wenye hesabu kali kuliko za benki, halipo pia. Hakuna anayelazimika kuyaweka yote hayo kwenye kichekesho cha dakika tano. Ila inashangaza kwamba miaka inapita na kinachobaki ni kilekile.

Najua utaniambia: bana, ni jokes tu. Komedi si ripoti ya serikali. Ukidai kila kichekesho kipitie ukaguzi, utaua kicheko, na kicheko ni riziki na pia ni dawa.

Pingamizi hilo ni la haki, na nina mfano unaolitetea. Hogan's Heroes, komedi nyingine ya Marekani, 1965 hadi 1971, ilihusu wafungwa wa vita katika kambi ya Wajerumani. Kihistoria ni vurugu tupu: wafungwa wana mahandaki, redio na mavazi ya kubadilisha, wanatoka na kurudi kama wapangaji. Kanali Klink, mkuu wa kambi, aliigizwa na Werner Klemperer, Myahudi ambaye familia yake iliikimbia Ujerumani ya Hitler. Alikubali kazi kwa sharti kwamba Klink asishinde hata siku moja. Robert Clary, aliyeigiza mfungwa Mfaransa, alikuwa ametoka hai katika kambi ya Buchenwald. Watu hawa walikubali karibu kila kitu kiwe uongo. Lakini Klemperer alishika usahihi mmoja asiuachie: nani anamcheka nani. Wapo waliodai vita vile havichekeshi hata kidogo, na wana hoja. Ila hatuwezi kusema waigizaji wale hawakujua walichokuwa wakikipotosha.

Kwa hiyo sidai komedi iseme kweli. Ninachodai ni kidogo zaidi, na labda kigumu zaidi. Kutia chumvi kunahitaji mlaji anayejua ladha ya mchuzi. Ukimtilia chumvi Mjaluo mbele ya ukumbi wa Nairobi, karibu kila mtu ana rafiki, jirani au mwalimu Mjaluo. Wanajua chumvi imeanzia wapi, na kicheko kinatokana na kujua huko. Ukimtilia chumvi mtu wa Garissa mbele ya watu ambao hawajawahi kuvuka daraja la Tana, hujatia chumvi. Umewapa mchuzi. Kichekesho chako kimekuwa habari, na habari hiyo wataitumia.

Wataitumia wapi? Hapa ndipo jambo linapoacha kuwa la skrini. Kwa Kiswahili neno kiwanja hubeba mengi: cha shule, cha ndege, cha mpira. Novemba 1980 mtaa wa Bulla Kartasi mjini Garissa ulichomwa, na wakazi wakazuiliwa katika kiwanja cha shule ya msingi. Februari 1984 wanaume wa jamii ya Degodia walikusanywa na vikosi vya usalama, wakapelekwa kiwanja cha ndege cha Wagalla, nje ya mji wa Wajir, wakazuiliwa siku kadhaa kwenye jua bila chakula wala maji, na wengi wakauawa. Aprili 2014, katika msako ulioitwa Usalama Watch, maelfu walikamatwa Eastleigh na kwingineko, na wengi wakapelekwa kuchujwa katika uwanja wa mpira wa Kasarani. Viwanja vitatu, miaka thelathini na minne. Sisemi kichekesho kilifanya hayo. Nasema watu hukusanywa kwa jumla baada ya kuzoeleka kuonekana kwa jumla.

Tazama pia hesabu. Kwa miaka mingi idadi ya serikali kwa waliokufa Wagalla ilikuwa 57. Manusura na jamaa zao hutaja maelfu. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ililichunguza suala hilo na kutoa ripoti yake mwaka 2013. Kiwanja chenyewe kinajulikana kilipo, na urefu wake unaweza kupimwa kwa futi. Waliolala juu yake ndio waliobaki makadirio. Katika Eye in the Sky, sheria inataka uwezekano wa Alia kufa uwe chini ya asilimia 50, na sajini anasukumwa hadi aandike 45. Filamu hiyo, hata ikiwa imeikosea Eastleigh, ililielewa hili vizuri: uongo mkubwa kuhusu mtu unaweza kuingia kupitia nambari inayoonekana sahihi.

Tunajua kufanya vingine. Aprili 2, 2015, magaidi walipovamia Chuo Kikuu cha Garissa, tuliambiwa 147, baadaye 148. Wakenya wengi mtandaoni walikataa kuiacha nambari ikae peke yake. Walisema 147 si nambari tu, wakaanza kuweka majina, picha, kozi mtu aliyokuwa akisomea, kitu alichopenda. Huo ulikuwa usahihi wa mjuzi wa ndege, ulioelekezwa kwa binadamu. Ulifanyika kwa simu, na watu wa kawaida, kwa siku chache. Kwa hiyo hatuwezi kujitetea kwamba hauwezekani. Inabidi tuulize tu kwa nini tuliutoa kwa wanafunzi waliotoka kila pembe ya nchi, na wachungaji wa Wagalla bado wanausubiri.

Ndiyo maana siwezi kumdharau yule jamaa anayesimamisha kipindi kwa sababu ya bawa. Ana tabia ambayo wengi wetu hatuna: hakubali kitu kifanane tu na chenyewe. Anataka kiwe chenyewe. Tabia hiyo haigharimu pesa. Inagharimu kuuliza mtu mmoja zaidi kabla ya kupanda jukwaani, kabla ya kuandika skripti, kabla ya kufowadi ile klipu. Unaiga lafudhi ya mtu wa Garissa? Sawa. Je, yeye akiwa amekaa mstari wa mbele, angekwambia umekosea wapi? Kama hujui, basi bado hujamtia chumvi. Umemkisia.

Ndege haiumii ikikosewa. Tunaipa haki yake kwa sababu ina watu wa kuidai. Usahihi unaotupima ni ule tunaompa mtu ambaye hana wa kumdaia.