Ndoa ya Mtemi

Je, mtawala ana haki ya kuoa ampendaye, hata kama watu wake hawamtaki mwanamke huyo? Wengi hujibu upesi kwamba mapenzi ni ya wawili, na wengine hayawahusu. Mimi nasita, na kinachonisitisha ni kisa cha Seretse Khama.

Seretse alizaliwa mwaka 1921 huko Serowe, katika Bechuanaland, nchi ambayo leo ni Botswana. Baba yake alifariki yeye angali mdogo, na utemi wa Wangwato ukashikwa kwa amana na baba yake mdogo, Tshekedi Khama. Mwaka 1947, akisomea sheria mjini London, alikutana na Ruth Williams, karani wa Kiingereza. Septemba 1948 wakaoana mbele ya msajili wa serikali, kwani kanisa lilikataa kuwafungisha ndoa.

Tshekedi alighadhibika. Tusiharakishe kumlaumu. Kwa mila yao mtemi haoi kwa ajili yake peke yake: mwana wa mkewe ndiye atakayewatawala wote, kwa hiyo shauri la ndoa hupelekwa kwanza kwa wazee. Seretse hakumwuliza mtu. Hilo lilikuwa kosa, na yafaa liitwe hivyo.

Lakini mila yenyewe ililitendea nini kosa hilo? Wangwato waliitana barazani mara tatu. Novemba 1948 wengi walimpinga. Desemba wakakutana tena. Juni 1949 maelfu ya wanaume walijaa uwanjani, wakasema na kujibiwa. Mwishowe Seretse akawataka wasiomkubali mkewe wasimame, wakasimama wachache. Alipowaita waliomkubali, umati ukainuka. Wazee waliokuwa wamekataa hawakuona haya kugeuza kauli yao mbele ya watu.

Nje ya uwanja ule mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1948 chama cha Malan kilikuwa kimeshika serikali ya Afrika Kusini, na mwaka 1949 kikapiga marufuku ndoa za Wazungu na wasio Wazungu. Mtemi mweusi mwenye mke mweupe, tena jirani wa mpakani, angeiumbua sheria hiyo kila siku ya Mungu. Nayo Uingereza, iliyoelemewa na madeni ya vita, ilihitaji dhahabu na urani ya Afrika Kusini. Ikaunda tume. Tume ikaona kwamba Seretse anafaa kutawala, ila ndoa yake ingewachukiza majirani. Taarifa hiyo ikafichwa. Mwaka 1950 akahamishwa kwao kwa miaka mitano, na mwaka 1952 serikali ya Churchill ikasema asirudi tena kamwe. Katika shauri hili Wangwato hawakuulizwa, wala hapakuwa na mtu wa kumwambia hoja akabadili nia.

Mila yaweza kukosea, na ya Wangwato iliwaumiza wawili hawa kwa miezi kadhaa. Lakini ilikuwa na masikio. Ubaguzi ulijificha nyuma ya neno hilo hilo, mila, ukidai kuwalinda watu waliokwisha kuamua. Wangwato walikataa katakata kumchagua mtemi mwingine. Tshekedi naye akapatana na mwana wa kaka yake, na mwaka 1956 Seretse na Ruth wakarudi kama raia wa kawaida, utemi ukiwa umeachwa.

Mwaka 1966 Seretse akawa Rais wa kwanza wa Botswana, hadi alipofariki mwaka 1980. Ruth hakurudi kwao Uingereza. Alifariki mwaka 2002, akazikwa Serowe, kando ya mumewe, katika makaburi ya watemi.