Nani Amsamehe Mtawala?

Mtawala akidhulumu, kisha akarudi mwenyewe mbele ya watu wake wamhukumu, na wao baada ya kumwangusha wakamrejesha kitini, je, deni lake limelipwa? Swali hili haliepukiki kila litajwapo jina la Indira Gandhi, aliyeiongoza India tangu 1966 hadi 1977, na tena tangu 1980 hadi alipouawa na walinzi wake tarehe 31 Oktoba 1984.

Sifa zake hazikanushiki. Mwaka 1971 India iliwapokea wakimbizi wapatao milioni 10 kutoka Pakistani ya Mashariki, na vita vya Disemba vikaizaa Bangladesh. Lakini tarehe 12 Juni 1975 Mahakama Kuu ya Allahabad iliutengua ubunge wake kwa makosa ya uchaguzi. Hazikupita wiki mbili ikatangazwa hali ya hatari. Wapinzani wakatiwa gerezani, magazeti yakazibwa midomo, na watu zaidi ya 100,000 wakawekwa kizuizini bila ya kushitakiwa. Mwanawe Sanjay, asiyekuwa na cheo serikalini, akaisukuma kampeni ya kupunguza uzazi. Katika mwaka mmoja wanaume zaidi ya milioni 6 wakafungwa uzazi, wengi kwa kulazimishwa au kwa kuhofia riziki zao.

Watetezi wake wana hoja. Mwaka 1977 aliitisha uchaguzi mwenyewe, akashindwa hata jimboni kwake Rae Bareli, akaondoka. Januari 1980 wapiga kura wakamrudisha. Basi mdai akishasamehe, shahidi ana lipi la kudai?

Hoja hiyo ina uzito, kwani si kila dhalimu akubaliye kupanda mizanini. Ila inachanganya mambo mawili. Kura ni sauti ya wengi, na dhuluma humpata mtu mmoja mmoja. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Jirani hawezi kuisamehe kwa niaba yake. Tena mwaka 1980 muungano uliomwondoa ulikwisha kusambaratika kwa ugomvi. Msafiri hupanda chombo kilichopo bandarini, wala haina maana kwamba amesahau kilivyovuja.

Aprili 1976 majaji wanne wa Mahakama ya Juu waliamua kwamba aliyezuiliwa hana haki ya kuhoji mahakamani sababu ya kuzuiliwa kwake. Wa tano, H. R. Khanna, alipinga peke yake, na mwaka 1977 akarukwa katika cheo cha Jaji Mkuu. Uamuzi ule ulitenguliwa na mahakama hiyo hiyo mwaka 2017, kwa kalamu ya D. Y. Chandrachud, mwana wa mmoja wa wale wanne. Miaka 41 ilikuwa imepita, na chaguzi nyingi. Hakuna hata mmoja kati ya hizo uliokwisha kulisema neno lile ambalo waliodhulumiwa walistahiki kulisikia: kwamba lilikuwa kosa.