Mtu Mbele ya Mashini

Mtu wa kijiji asukaye mkeka, mgeni apitapo, huweka ukindu chini, humwamkia, huuliza habari za watoto, kisha huirudia kazi yake. Mkeka humngojea. Mashini ya kiwanda haimngojei mtu. Kwa hiyo yafaa wakatekumeni wanaofikiri kwenda mjini kutafuta kazi wajue mapema kazi hiyo ni ya namna gani, na Mungu ataka nini kwa mtu asimamaye mchana kutwa mbele ya chuma kiendacho mbio.

Mashini ya kufuma nguo ni mfano mwema. Nyuzi nyingi za mtande zimenyoshwa kwa urefu. Kati yake kijiti chenye uzi wa mshindio hurushwa huku na huku, zaidi ya mara 100 kwa dakika moja. Kelele ni kubwa hata wafumaji huzoea kusoma maneno midomoni mwa wenzao, na wengi waliozeeka katika kazi hiyo walipoteza masikio yao. Mara nyingi mtu mmoja huangalia mashini kadhaa. Kazi yake kubwa ni ya macho: uzi ukikatika, aisimamishe mashini, aufunge uzi, aiendeshe tena. Ziko mashini zinazosimama zenyewe uzi ukikatika. Nyingine hazisimami, bali huendelea kufuma.

Hapo ndipo shetani hukaa akingoja. Mfumaji hulipwa kwa urefu wa nguo. Jua limekaribia kuchwa, uzi umekatika, kapita yuko mbali. Akiisimamisha mashini, mshahara wapungua. Akinyamaza, nguo yatoka na mstari mwembamba ambao leo hautaonwa na mtu. Utaonwa lini? Siku ile mama mmoja wa kijijini, aliyeuza mihogo miezi mitatu apate nguo ya Pasaka, atakapoifua na kuiona yapasuka mahali pale pale. Mama huyo hamjui mfumaji, wala mfumaji hamjui yeye. Je, amri ya saba imevunjwa? Imevunjwa, ingawa hakuna aliyeingia nyumba ya mtu usiku.

Lakini si haki kumhukumu mfumaji peke yake. Tajiri ampaye mtu mashini nyingi kupita nguvu zake, tena akamkata mshahara kila asimamishapo, amsukuma katika uwongo kwa mikono miwili. Katekisimu huhesabu kumdhulumu mfanyakazi mshahara wake kati ya dhambi zinazolia mbele ya Mungu, pamoja na kuua mtu kwa kusudi. Naye Papa Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1891, alifundisha kwamba mshahara lazima umtoshe mfanyakazi mwadilifu kuishi, na kwamba asinyimwe pumziko la Siku ya Mungu.

Katika nchi ya Ubelgiji alizaliwa mwaka 1882 mtoto aitwaye Joseph Cardijn. Wazazi wake walikuwa watu wa kazi. Yeye alikwenda seminari. Wenzake wa shule walikwenda viwandani. Aliporudi likizo alikuta wamegeuka: walimtazama kama mgeni, hata kama adui. Jambo hilo lilimchoma moyo. Baba yake alipokufa mwaka 1903, kijana huyo aliapa kutoa maisha yake yote kwa ajili ya wafanyakazi. Alipata upadri mwaka 1906, na mwaka 1925 chama chake cha vijana wafanyakazi Wakristu, JOC, kikasimama imara; baadaye kilifika hata Kongo. Papa Pio XI naye alisikitika mwaka 1931 kwamba kiwandani vitu visivyo na uhai hutoka vimekuwa vizuri, lakini watu huharibika humo. Cardijn alifanywa kardinali mwaka 1965, akafa mwaka 1967. Alikuwa akifundisha kwamba kijana mfanyakazi mmoja apita thamani dhahabu yote ya dunia.

Aliwazoeza vijana mambo matatu: kuona, kupima, kutenda. Kijana wa kiwandani aona kwamba kifuniko cha meno ya mashini kimeondolewa, ili dakika chache zisipotee wakati wa kusafisha. Apima: meno ya chuma yakivunjika, mengine yatanunuliwa, kidole cha mwenzake hakinunuliwi sokoni, tena kiliumbwa na Mungu. Kisha atenda, wala hangojei kwanza damu imwagike. Akiogopa kwenda peke yake (na kuogopa si dhambi), awaendea wenzake wawili, wawe Wakristu au wasiwe, wakaenda pamoja kwa kapita, kwa adabu, wakamwonyesha mahali penyewe. Na kapita akikasirika na kuwafukuza? Kesho yake warudi tena, na kifuniko wamekishika mikononi.